UEFI au Legacy? Amua kabla hujapiga Windows

Laptopu ya mtumba iliyotoka ofisini Ulaya mara nyingi hufika Kariakoo au Luthuli Avenue ikiwa kwenye UEFI, njia ya kisasa ya kuwasha kompyuta, kama ilivyotoka kiwandani. Kisha inapigwa Windows upya. Flashi ya fundi inagoma, fundi anaingia kwenye setingi, anabadili UEFI kuwa Legacy, yaani njia ya zamani ya BIOS, kazi inakwenda, na mteja anaondoka na mashine inayowaka bila shida. Shida inakuja baadaye. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, mwenye mashine anataka kuhamia Windows 11, na programu ya ukaguzi inamwambia kompyuta yake haikidhi masharti. Anaanza kuhesabu hela ya kununua nyingine, kumbe pengine kinachomzuia ni ile setingi iliyobadilishwa dukani.

Ulinganisho huu ni kwa mtu aliye karibu kupiga Windows au Linux, au anayetaka kujua mashine yake imewekwaje. Msimamo wangu nautoa mapema: kama kompyuta imetengenezwa 2012 au baadaye, kaa UEFI, na anayetaka kukuweka Legacy akupe sababu. Sababu zipo, ila ni chache.

Makabidhiano ndiyo yanayotofautiana

Prosesa ikipata umeme haijui Windows wala diski. Inachojua ni anwani moja ya kuanzia, na anwani hiyo inaelekea kwenye chipu ndogo iliyobandikwa kwenye bodi kuu. Ndani ya chipu ndimo inamokaa programu dhibiti, ile inayoamsha RAM, kioo, kibodi na diski, halafu inatafuta mfumo endeshi na kuukabidhi mashine. BIOS inafanya hivyo, UEFI inafanya hivyo. Wanapoachana ni kwenye namna ya kukabidhi.

BIOS ilikuja na IBM PC, Agosti 1981, na njia yake ya kukabidhi haijabadilika sana tangu hapo. Inashika diski iliyo juu kwenye orodha, inasoma sekta ya kwanza kabisa yenye baiti 512, inaipakia kwenye RAM katika anwani 7C00, kisha inatazama baiti mbili za mwisho. Zikiwa 55 na AA, inarukia mwanzo wa sekta hiyo na kazi yake imekwisha. Haiulizi kilichoandikwa humo ni nini wala nani kakiandika. Haijui faili, haijui folda. Katika hizo baiti 512, 446 ni za programu ya kuanzishia, 64 ni jedwali la patisheni, yaani vipande ambavyo diski imegawanywa, na 2 ni ile alama. Jedwali lina nafasi nne za baiti 16 kila moja, ndiyo maana diski ya aina hii, yaani MBR, haipokei patisheni kuu zaidi ya nne. Na kwa kuwa baiti 446 hazitoshi kufanya jambo la maana, programu iliyomo hutafuta patisheni yenye alama ya kuwa hai, inasoma sekta yake ya kwanza, nayo inaita programu nyingine kubwa kidogo, hivyo hivyo kwa kupokezana mpaka Windows ionekane.

Kuna kichekesho hapa. BIOS inakabidhi mashine prosesa ikiwa katika hali ya biti 16, hali ile ile ya prosesa ya 8088 iliyokuwa ndani ya IBM PC ya kwanza, inayoona megabaiti moja tu ya RAM. Laptopu yenye gigabaiti 16 inaanza siku yake ikijifanya ya 1981, halafu mfumo endeshi ndio unaoitoa huko.

UEFI ilizaliwa kwa sababu ya mzigo huo. Katikati ya miaka ya 1990 Intel ilikuwa inaandaa seva za Itanium, na haikuwezekana kuzibebesha mambo ya biti 16. Ikatengeneza EFI, na mwaka 2005 kazi ikahamia UEFI Forum, chombo cha pamoja cha makampuni ya kompyuta. Tofauti kubwa ni kwamba UEFI inasoma faili. Kwenye diski inatafuta patisheni ndogo ya FAT32, inafungua folda iitwayo EFI, na inaendesha faili kwa jina lake. Ya Windows iko `\EFI\Microsoft\Boot\bootmgfw.efi`. Ubuntu ina folda yake pembeni, haigusi ya mwenzake. Nani aanze kati yao imeandikwa kwenye kumbukumbu ya bodi kuu, si kwenye diski. Orodha hiyo isipokuwa na kitu, UEFI inajaribu faili moja ya akiba, `\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI`, na hapo ndipo flashi ya kupigia Windows inapopatia nafasi ya kuwaka.

Kwa anayetumia Windows na Linux kwenye mashine moja, tofauti hii peke yake inatosha kuamua. Upande wa Legacy, mifumo miwili inagombania zile baiti 446. Ukipiga Windows baada ya Linux, Windows inaandika yake juu, na menyu ya GRUB, ile ya Linux ya kuchagua mfumo wa kuwasha, inapotea. Unarudi kuitengeneza kwa flashi. Upande wa UEFI kila mmoja ana folda yake. Windows inaweza kujisogeza juu kwenye orodha, ndiyo, lakini unaingia kwenye setingi, unarudisha Linux juu, mchezo umekwisha.

Legacy nayo ina raha yake katika jambo moja. Kila kinachohitajika kuwasha kiko kwenye diski. Ukichomoa diski ukaiweka kwenye mashine nyingine ya Legacy, sehemu ya kuanzishia inakwenda nayo. Kwenye UEFI, ile kumbukumbu ya nani aanze inabaki kwenye bodi ya zamani. Windows huweka nakala yake kwenye lile faili la akiba, kwa hiyo huwa inawaka tu. Linux nyingine haziweki, na diski ikihamishwa mashine mpya inasema haioni mfumo wowote. Debian inaweza kukuuliza wakati wa kupiga kama iweke nakala hiyo. Kama diski yako huwa inahama, kubali.

Diski yako inasemaje

Watu wengi wanajadili UEFI na Legacy kana kwamba ni swali la mashine peke yake. Nusu ya swali iko kwenye diski. Legacy kwa Windows inakwenda na MBR, UEFI inakwenda na GPT, namna mpya ya kugawa diski. Windows haikupi nafasi ya kuchanganya kwenye diski ya mfumo.

MBR inahesabu sekta kwa namba za biti 32. Zidisha na baiti 512 za kila sekta, unapata terabaiti 2.2, na hapo ndio mwisho. Diski ya terabaiti 4 iliyofomatiwa MBR inabaki na karibu nusu yake ambayo Windows inaiona ila haikuruhusu kuitumia. Anayefunga kompyuta ya kuhifadhi picha za kamera za ulinzi anakutana na jambo hili mapema, kwa sababu diski za kazi hiyo huwa kubwa. Tahadhari tu: sharti la UEFI linahusu diski unayowashia. Mashine iliyo Legacy yenye Windows ya kisasa inasoma diski ya pili ya GPT ya terabaiti 4 bila wasiwasi, mradi Windows yenyewe iko kwenye diski nyingine. Ukiambiwa ubadili mashine nzima kwa ajili ya diski ya kuhifadhia data, umedanganywa.

Linux ina uhuru zaidi hapa: inaweza kuwaka Legacy kutoka kwenye GPT, ukiitengea GRUB patisheni ya megabaiti moja. Ni njia halali kwa seva ya zamani yenye diski kubwa.

GPT kwa kawaida ina nafasi 128 za patisheni, na ina jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko ukubwa wa diski. Jedwali lake limeandikwa mara mbili, mwanzoni na mwishoni mwa diski, na kila nakala ina namba ya kuhakiki kama imeharibika. MBR inaweka jedwali lote kwenye ile sekta moja ya kwanza. Sekta hiyo ikiharibika, au programu ikiandika juu yake kwa bahati mbaya, diski inaonekana tupu. Data bado ipo, na mtu mwenye subira anaweza kuirudisha kwa programu ya TestDisk, lakini si kila duka lina mtu mwenye subira.

Halafu kuna NVMe, zile SSD nyembamba zinazochomekwa moja kwa moja kwenye bodi. Karibu kila mashine inayoweza kuwaka kutoka kwenye NVMe inafanya hivyo kupitia UEFI. Ukiwa Legacy, mara nyingi diski inaonekana ndani ya Windows, lakini mashine inakataa kuwakia hapo. Kama una mpango wa kununua NVMe, mjadala wako umekwisha.

Kuhusu kasi, watu wanatangaza kwamba UEFI inawaka haraka zaidi. Inaokoa sekunde kadhaa, hasa ikiruhusiwa kuruka ukaguzi wa vifaa. Kubadili diski ya kuzunguka ukaweka SSD kunaokoa zaidi ya hapo mara nyingi. Mimi nisingechagua kwa sababu hiyo.

Secure Boot, na lile la Windows 11

BIOS ni mlinzi wa geti anayetazama sare: ukivaa 55 AA, pita. Virusi vya miaka ya 1980 na 1990 viliishi humo humo kwenye sekta ya kwanza, vikiamka kabla ya mfumo endeshi na kabla ya kinga yoyote.

UEFI bila Secure Boot si bora sana kwa hilo. Ukiiwasha Secure Boot, mambo yanabadilika. Ndani ya kumbukumbu ya bodi kuna orodha mbili, moja ya saini zinazoruhusiwa na nyingine ya zilizopigwa marufuku. Kila faili la kuanzishia linakaguliwa saini yake kabla ya kuendeshwa. Faili lililochezewa haliendi. Utaratibu huu ulienea na Windows 8 mwaka 2012, na ndiyo maana nimetaja 2012 kama mwaka wa kugawia: mashine iliyouzwa na stika ya Windows 8 au mpya zaidi ina UEFI iliyokomaa. Za 2010 na 2011 nyingi zina UEFI changa, yenye vituko, na huko sitabishana na fundi anayependelea Legacy.

Si ukuta usiopenyeka. Mwaka 2023 watafiti walichambua BlackLotus, programu hasidi iliyopenya Secure Boot kwa kutumia faili la zamani la Windows lenye saini halali lakini lenye tundu. Dawa yake ni kuongeza faili hilo kwenye orodha ya marufuku, na hilo linakuja kwa masasisho. Mwaka 2026 una jambo lake pia: vyeti vya Microsoft vya 2011 vinavyotumika na Secure Boot vinaanza kuisha muda Juni 2026, na nafasi yake inachukuliwa na vya 2023. Mashine isiyopata vipya haitazimika, itaendelea kuwaka, ila itakosa marekebisho ya usalama ya sehemu hii. Ruhusu masasisho ya Windows, na kama mtengenezaji wa mashine ametoa programu dhibiti mpya, iweke.

Wa Linux huwa wanaambiwa lazima wazime Secure Boot. Zamani ilikuwa kweli. Ubuntu, Fedora, na Debian kuanzia toleo la 10 la mwaka 2019, zinawaka nayo ikiwa imewashwa, kwa sababu programu yao ndogo ya mwanzo imesainiwa na Microsoft. Usumbufu unabaki kwa dereva za nje, kama za kadi ya NVIDIA, ambazo unatakiwa kuzisajilia ufunguo wako. Kama kazi hiyo inakuchosha, zima Secure Boot lakini ubaki UEFI. Ni vitu viwili tofauti, na wengi wanavizima vyote kwa pamoja bila sababu.

Sasa Windows 11. Masharti yake ni UEFI yenye uwezo wa Secure Boot, TPM 2.0 (kifaa cha usalama kinachotunza funguo), na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel, ukiacha chache, inaanzia kizazi cha 8. Chukua laptopu tatu zinazouzwa sana kama mtumba: Dell Latitude 7490, HP EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480. Zote zilitoka na prosesa za kizazi cha 8, ingawa zilikuwapo pia zenye prosesa za kizazi cha 7, kwa hiyo soma namba: i5-8250U au i5-8350U inafaa, i5-7300U haifai. Zikiwa UEFI zinakubalika. Ziweke Legacy, ukaguzi unasema mashine haina Secure Boot, na asiyejua anafunga mjadala hapo. Wapo wanaokwepa masharti kwa kutengeneza flashi iliyoondolewa ukaguzi, na inakwenda, lakini matoleo makubwa ya kila mwaka yanaweza kukugomea. Kwa nini ukwepe kitu ambacho mashine yako inacho?

Legacy bado ina watu wake

Kompyuta ya Core 2 Duo, prosesa ya zamani ya Intel, haina cha kuchagua, itaishi na BIOS mpaka siku yake ya mwisho. Windows XP haiwaki UEFI kwenye kompyuta za kawaida. Windows 7 ya biti 32 nayo inataka Legacy, na ya biti 64 inasumbua kwenye mashine isiyo na kipande cha kuigiza BIOS. Hili si jambo la makumbusho: kuna mashine za kukata stika, vifaa vya maabara na mifumo ya mauzo ambayo dereva zake ziliishia kwenye Windows 7 au XP, na mwenye kifaa cha mamilioni hawezi kukitupa kwa sababu ya kompyuta. Huyo atafute mashine ya zamani kidogo, aiweke Legacy, na asiiunganishe na intaneti.

Mwenye mashine mpya asidhani ana chaguo. Mwaka 2017 Intel ilitangaza kwamba ingeondoa BIOS ya zamani kwenye majukwaa yake ifikapo 2020, na laptopu nyingi za miaka ya karibuni hazina kabisa neno Legacy kwenye setingi. Ukiletewa mashine ya namna hiyo na flashi ya MBR ya zamani, tengeneza flashi nyingine, mashine haina kosa.

Kundi moja huwa linasahaulika: tableti na vijilaptopu vya bei rahisi vya Intel Atom vilivyotoka kuanzia 2014 hivi, vyenye RAM ya gigabaiti 2. Prosesa ni ya biti 64, lakini UEFI yao ni ya biti 32. Legacy havina, na flashi ya kawaida ya biti 64 havioni, kwa sababu vinatafuta faili liitwalo `BOOTIA32.EFI`. Piga Windows ya biti 32, au Linux yenye faili hilo.

Uamuzi unafanyika kwenye menyu ya flashi

Hapa ndipo watu wanapochagua bila kujua wamechagua. Unachomeka flashi, unabonyeza F12 kwenye Dell au ThinkPad, F9 kwenye HP, na inakuja orodha ya vifaa. Mashine inayoruhusu njia zote mbili itakuonyesha flashi ile ile mara mbili: pengine chini ya kichwa cha Legacy na tena chini ya kichwa cha UEFI, au moja ikiwa na neno "UEFI:" mbele ya jina. Ukichagua ya Legacy, programu ya kupigia inaanza kwa Legacy na itataka diski ya MBR. Ukichagua ya UEFI itataka GPT. Windows haikuulizi tena baada ya hapo.

ThinkPad za kipindi cha T480 zina setingi iitwayo "Both", pamoja na nyingine inayosema nani atangulie. Inaonekana ni ukarimu, kumbe ni chanzo cha mkanganyiko. Weka "UEFI Only" ulale usingizi.

Flashi yenyewe ukiitengeneza kwa programu ya Rufus, utaulizwa MBR au GPT. Kwa mashine ya UEFI chagua GPT. Kama faili la `install.wim` lililomo limezidi gigabaiti 4, FAT32 hailibebi, na Rufus inatumia NTFS na kuweka kipande kidogo cha kusaidia UEFI kusoma. Usishangae kuona flashi imegawanyika mara mbili.

Ukifika kwenye kuchagua diski, Windows inaweza kukuambia haiwezi kuwekwa kwa sababu diski ni MBR na mfumo ni EFI. Ni hapa ambapo wengi wanakimbilia Legacy. Njia nyingine inayosambaa ni kubonyeza Shift na F10, kuingia `diskpart`, kuandika `clean` kisha `convert gpt`. Inafanya kazi vizuri mno: `clean` inafuta diski nzima, si C peke yake. Ile D yenye picha za harusi na vyeti vya watoto inakwenda nayo. Usiiandike, wala usimruhusu mtu aiandike, kabla hujatoa vitu vyako.

Uko Legacy tayari na hutaki kupoteza kitu

Kwanza hakikisha. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `msinfo32`, tafuta mstari wa "BIOS Mode". Utasoma Legacy au UEFI. Kwenye Linux angalia kama folda ya `/sys/firmware/efi` ipo. Ikiwepo uko UEFI.

Windows 10 tangu toleo la 1703 la mwaka 2017 ina programu ya `mbr2gpt`, inayobadili diski bila kufuta mafaili. Weka nakala ya vitu vyako hata hivyo. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `mbr2gpt /validate /allowFullOS`. Ikikubali, rudia ukiweka `/convert` mahali pa `/validate`. Ikimaliza, zima mashine, ingia kwenye setingi na uihamishe UEFI, maana Legacy haitawaka tena.

Mara nyingi ukaguzi unagoma, na kwa mashine za huku sababu inajulikana. Programu inataka patisheni kuu zisizidi tatu, kwa sababu inahitaji nafasi ya kutengeneza ile ya EFI. Sisi tunapenda C, D na wakati mwingine E. Ongeza ile ndogo ya mfumo na ile ya ukarabati, nafasi nne zimejaa, na zilizobaki ziko ndani ya patisheni ya nyongeza ambayo `mbr2gpt` haiitaki kabisa. Hamishia vitu vya D kwenye diski ya nje, futa patisheni hiyo, jaribu tena, kisha uitengeneze upya ukishahama. BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kusimba diski, ikiwa imewashwa, isimamishe kwanza, na ufunguo wake wa kurejesha uwe nao mkononi kabla hujagusa setingi yoyote ya kuwashia.

Kwenye EliteBook kuna hatua inayowatisha watu. Unachagua "Legacy Support Disable and Secure Boot Enable", unahifadhi, mashine inajizima na kuwaka na maandishi yanayokutaka uandike tarakimu nne na kubonyeza Enter. Haijafungwa wala hujakosea. Inataka kuhakikisha ni mtu aliyebadili, si programu. Andika namba iliyo kwenye kioo, endelea.

Dell nayo ina lake: setingi ya SATA, inayoamua mashine inaongeaje na diski, hutoka kiwandani ikiwa RAID, na mafundi huibadili kuwa AHCI. Setingi zikirudi za kiwandani, kwa mfano ulipobonyeza "Load Defaults" ukitafuta UEFI, Windows inatoa kioo cha bluu kinachosema haiioni diski yake. Irudishe AHCI kabla hujaanza kufikiria kupiga upya.

Ukiwa dukani

Kwa anayenunua mtumba, dakika tatu za kuingia kwenye setingi zina faida kuliko kupiga picha stika ya chini. F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikikuomba nenosiri, acha mashine hapo. Nenosiri la msimamizi kwenye laptopu za ofisi haliondoki kwa kuchomoa ile betri ya sarafu, na bila hilo hutaweza kuhama Legacy kwenda UEFI hata ukitaka. Ukiingia, tazama pia sehemu ya Absolute au Computrace, mfumo wa kufuatilia laptopu kwa mbali. Ikiwa imewashwa, mwenye zamani bado anaweza kuwa na kamba ya kuivutia mashine yake. Kisha mwambie muuzaji akuonyeshe `msinfo32`. Kama inasoma Legacy na prosesa ni ya kizazi cha 8 kwenda juu, mwombe aipige upya kwa UEFI kabla hujalipa, diski ikiwa bado haina kitu chako.